Ukuta Unaopiga Muayo

Mujukuu wangu Mwila,

Miye kambo, babu yako, ningali mzima hapa Kambove, usiuze kofia yangu bado. Bibi yangu wa ndoa anakusalimia. Magoti yake inalia kuliko redio.

Unaandika kwamba kule universite ya Kasapa, katika jeni sivili, masomo ya ujenzi, banakufundisha kila siku namna manyumba na madaraja inaanguka, mpaka unaogopa kupita chini ya balkoni na unataka kuacha masomo. Unauliza: “Kambo, huu woga utaisha?”

Sikia. Nikiwa kijana, baba alijenga nyumba nusu juu ya kichuguu tulichokisawazisha, nusu kwenye udongo mulaini. Kichuguu kiko kigumu sawa jiwe, wote tukasifu. Mvula ilipokuja, nusu moja ikabaki, nyingine ikashuka, ukuta ukapasuka katikati. Baba akaziba ufa na simenti, akakaa chini yake kula bukari.

“Ukuta unapiga muayo tu,” akasema.

Mama hakucheka. Alichukua sahani, akaitoa inje kwenye mvula. Baba akafuata chakula chake, anamutukana. Nyuma yake ukuta ukaangukia kiti.

Hapana, mujukuu, huo woga hautaisha. Mama alibaki nao mpaka kufa, bila hesabu yoyote. Weye ndiyo banakupa na hesabu ya kupima ukuta. Usiache.

Chumba chetu pia kiko na ufa. Zamani uliingia wembe, sasa unaingia kidole. Bibi yangu anasema ni kitu kidogo. Tangu barua yako ifike, miye ninalala jikoni.

Kambo yako muoga