Mayai ya kuku za mama

Siku ya posho (Jumamosi), magaribi

Makala ya kupikia ilikuwa na maji tena. Nilipuliza moto ndani ya mbabula mpaka macho ikaniuma.

Mama hajakula kitu tangu siku ya kazi ine, siku mbili sasa. Nilipiga mayai sita na mukate ya jana na maziwa ya unga, nikafunika sufuria, nikapanga makala ingine juu ya kifuniko, vile yeye mwenyewe alikuwa anatupikia kule Djugu mbele tukimbie vita.

Iliiva muzuri. Alikula vijiko mbili, akatabasamu.

« Kumbe kuku zetu zingali zinataga. »

Mayai nilinunua, ilitoka Uganda. Kule kwetu walichoma nyumba na banda ya kuku, na mama aliona.

Nilimujibu: « Ndiyo, mama. »

Akaweka kijiko chini. « Basi kesho turudie nyumbani. »

Sasa mama iko anafunga nguo na vikwembe yake ya safari, na sahani imebaki hapa ya kujaa. Ni mimi nilisema ndiyo.