Ninywe Maji ya Majani Haya?

Njoro, 10 Juni 1974

Mpendwa Mshauri,

Leo ni mwaka na nusu tangu nitoke Kimilili, na naomba unisaidie kabla sijafanya ujinga, maana mwezi uliopita macho yangu yaligeuka manjano, mkojo ukawa kama chai isiyo na maziwa, na daktari wa Nakuru akasema virusi vimeshika ini, dawa hakuna, nipumzike tu, lakini mimi ni kibarua, nitapumzikaje, na Agosti mwanangu wa kwanza anatahiriwa na baba lazima asimame pale uani. Sasa kazi yangu ni kuponda majani ya mmea fulani katika shamba la majaribio, na Bwana Jonah, mtaalamu wetu, huyapaka maji ya majani hayo kwenye miche ya maharagwe, halafu anaiambukiza virusi, na iliyopakwa haiugui, nimeona kwa macho yangu haya ya manjano. Anasema ndani ya majani mna protini inayozuia virusi. Nikamwuliza, "Hata vya mtu?" Akacheka, "Labda siku moja, Khaemba." Owuor, ninayelala naye chumba kimoja, akasema, "Siku moja ndiyo leo, jamaa! Chemsha, kunywa, ama unangoja maharagwe yakupe ruhusa?" Basi nimeficha chupa nzima chini ya kitanda. Ninywe? Natazamia kufika nyumbani Jumamosi ya kwanza ya Agosti.

Khaemba

Khaemba ndugu yangu,

Pole sana, na chupa hiyo imwage leo, mbali na kuku. Maharagwe yana ini? Tena yalipakwa kabla ya kuambukizwa, wewe umeshaugua. Kinachozuia virusi chaweza kumdhuru mtu pia, na kipimo chake hakuna anayekijua. Naye Owuor anakuambia uchemshe! Protini ni kama yai, ukiichemsha inageuka. Hata mbichi, tumbo lingeisaga kama mahindi na maharagwe ya githeri.

Lakini ulichokiona ni kweli, na dawa nyingi zimeanzia kwenye jani. Huenda wajukuu wako wakatibiwa ini kwa kazi iliyoanzia kwenye kinu kama chako.

Kwa sasa, mwombe huyo Jonah aliyecheka akupe kazi ya kukaa. Ini la wengi hupona likiachwa lipumzike. Kula vizuri, nawa mikono kwa sabuni, kikombe chako Owuor asikiguse, na urudi kwa daktari kabla ya safari.

Nyumbani wataweka chungu cha busaa na wazee watakupa mrija. Usiushike. Pombe ni adui wa ini, na mrija mmoja hupita vinywa vingi. Wakikucheka, wacheke. Kijana akisimama mbele ya kisu atatafuta uso wako; hatauliza ulikunywa nini.