Mito ya Pamba Iliyokwama Sirari

S.L.P. 231,
Bariadi, Simiyu.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Martha,

Mwadila, shangazi, na shikamoo. Songea baridi imeshashika? Goti lako linaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Mama amepona kikohozi, na kule kijijini Nkoma wameanza kuchuma pamba.

Ushonaji ulionifundisha umenifikisha mbali. Mwaka jana nilianza kuweka picha za mito yangu mtandaoni, nikapata wateja Mwanza, Dodoma, hadi Kenya. Mwezi wa nne mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Kisumu aliagiza mito sitini. Tulishona wanawake sita kwa wiki tatu.

Mzigo ukakwama mpakani Sirari. Dereva alipiga simu kwamba hauvuki bila karatasi: namba ya mlipakodi, risiti, na cheti cha kuonyesha mito imetengenezwa Tanzania. Sikuwa na hata kimoja. Shangazi, nilikaa chini jikoni. Mwaka mzima nimeuza nikidhani kodi ni ya wenye maduka.

Mume wangu Mayunga akasema, "Mwambie dereva apite njia za panya. Ukienda ofisini watakuuliza siku zote ulikuwa wapi." Sikumlaumu, alikuwa ananiogopea. Lakini niliwafikiria wenzangu. Monika, mmoja wa tulioshona pamoja, alikuwa anategemea malipo yale kwa ada ya binti yake. Mzigo ukikamatwa porini, ningemwambia nini?

Asubuhi nikaenda ofisi ya kodi na daftari langu. Dada aliyenipokea anaitwa Lucy. Nilimweleza yote. Akalipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema, "Mama, kuuza kwa simu nako ni kuuza. Afadhali umekuja mwenyewe."

Alinisajili siku ileile. Kodi ya mauzo ya nyuma tuliikadiria pamoja, nikakubaliwa kulipa kidogo kidogo. Akanifafanulia kwamba kodi ya kule Kenya ni ya yule anayeingiza mzigo, ila risiti yangu lazima iseme bei ya kweli. Cheti alinielekeza pa kukipata. Kilichukua siku nne.

Kumpigia mama wa Kisumu niliona aibu, lakini nikampigia. Akasema, "Nitangoja. Hata mimi hapa naulizwa karatasi."

Mito ilivuka siku ya tisa. Ada ya binti wa Monika imelipwa. Bei imebidi ipande kidogo, na mteja mmoja wa Dodoma ameniacha, sitakuficha. Ila Kisumu wameagiza tena, safari hii na vigodoro vya watoto, na wanawake wawili wa Migato wameomba kujiunga nasi.

Mayunga sasa ndiye mtoa risiti wetu. Juzi alimkimbilia mteja hadi barabara kuu kwa sababu aliondoka bila risiti yake. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Ukipata nafasi baada ya mavuno, njoo utuonyeshe ule mshono wa pembeni. Wangu bado unapinda.

Wasalimie wadogo zangu Method na Violeth. Mama na Mayunga wanakusalimu sana. Mungu aendelee kukutunza, na miguu yako ipate nguvu ya safari.

Mwanao asiyeacha kukupenda,
Apolonia Bujiku