Chumba Alichoandaliwa Mama

Buruburu, Jumapili

Dada Nangila mpendwa,

Nakusalimu katika Bwana. Huku tu wazima, ila kuku wa jirani wamemaliza mboga yangu ya sukuma.

Dada, usimlete Mama. Najua mgongo wako haumudu tena kumwinua, na mwenyewe anataka siku zake za mwisho awe nami. Lakini Shiundu, fundi tunayeimba naye kwaya, aliitisha pesa za mabati ya chumba cha nyuma kabla ya kuanza kazi. Jirani yangu Muhiba alininong'oneza, "Mama Wekulo, andikianeni kwanza!" Nikaona aibu. Shiundu alikuwa amepiga magoti sebuleni, akaiombea nyumba yangu hadi nikalia. Mtu kama huyo utamwambiaje atie sahihi? Nikampa zote. Akang'oa mabati ya zamani, akasema anaenda kuleta mapya. Hii ni wiki ya tatu, simu yake haipatikani, na kitanda nilichomtandikia Mama kinanyeshewa.

Mwambie Mama wewe, mimi sina mdomo. Hata kuomba kumenishinda. Nikifunga macho, sauti ninayoisikia ikiomba ni ya Shiundu.

Mdogo wako,
Nasambu