Nilimwacha Mpiga Picha Abebe Lawama Yangu

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Ninalokuandikia sijamwambia mtu, hata padre kwenye kitubio sijamwambia: picha ya dada Tadea iliyobandikwa kwenye saluni hapa Mbinga ilitoka kwangu, na mzee Kilian anayelaumiwa hana kosa lolote.

Mimi ni msichana, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, naishi kwa baba mdogo Meinrad, ambaye Tadea ni binti yake. Shangazi alinipa kamera ndogo ya dijitali, nami kwa kuwa naogopa kuongea na watu nikawa napiga picha tu, kahawa ikianikwa, bibi, milima, kisha Pankras mwenye intaneti kafe akanifungulia tovuti nikawa naweka picha zangu humo nikidhani hakuna anayezitazama, na mojawapo ni ya Tadea tulipokwenda kwa bibi kijijini Mbaha, ziwani, amesukwa vizuri, ameshika ungo wa dagaa wetu wa usipa huku anacheka. Mwezi uliopita nikaikuta kwenye saluni, kubwa kama mlango, inatangaza mafuta ya nywele. Dagaa wamekatwa lakini ukingo wa ungo umebaki pembeni. Nikauliza wameitoa wapi, mama wa saluni akanijibu, "Kwenye kompyuta, mwanangu. Kwani huo uso ni wako?" Wateja wakacheka, nikaondoka.

Baba mdogo alipoiona alikwenda moja kwa moja kwa mzee Kilian, maana ndiye anayepiga picha zote za parokia.

"Uso wa mwanangu umeupeleka mnadani kama kahawa?"

"Meinrad, mara ya mwisho nilimpiga Tadea siku ya komunyo ya kwanza, bado ana pengo la meno!"

Mtu mmoja akadakia, "Basi pengo umeliziba wewe!"

Nilikuwepo, nikasikia yote. Sasa mzee Kilian akipita na kamera watu wanavuta watoto wao ndani, na halmashauri ya parokia imesema komunyo ya mwaka huu ataletwa mpiga picha kutoka Songea, na mzee wa watu hana kazi nyingine.

Mimi namshuku Pankras kwa sababu anajua neno langu la siri, siku hizi hata akinisalimu naona ananichunguza, na mteja akikaa sana kwenye kompyuta naona ananiibia mimi. Tadea naye ameanza kuniuliza, "Mdogo wangu, mbona huli?" Nimesikia kuna namna ya kuzuia watu wasibofye picha wakainakili. Niifungeje tovuti yangu nisiibiwe tena, na nifanyeje baba mdogo asijue?

Mwenye Kamera, Mbinga

Mshauri anajibu:

Marahaba, binti. Umeibiwa, na inauma. Pole. Lakini swali la tovuti nitalijibu upesi, maana silo linalokunyima chakula.

Pankras mwache. Picha iliyo wazi kwenye tovuti haihitaji neno la siri; anayeiona anaweza kuichukua, awe Mbinga au Dar es Salaam. Kuzuia kubofya kunamsumbua mvivu tu. Weka picha ndogo, ambazo zikikuzwa kufikia ukubwa wa mlango zinaharibika. Jina lako liandike katikati ya picha, si pembeni, umeona mwenyewe pembeni panakatwa. Picha kubwa halisi zibaki kwako kwenye sidii, usizipandishe kamwe. Na uso wa mtu usiuweke kabla hajakubali. Hapo ndipo nakugombeza: Tadea ulimwuliza? Barua nzima umetafuta mwizi, wala hujasema popote kwamba ulimwomba ruhusa. Saluni ilichukua kwako bila kuuliza, nawe ulichukua kwake vivyo hivyo.

Sasa mzee Kilian. Bila shaka unamwamkia kila Jumapili, halafu unamwacha akose riziki ili wewe usifokewe? Hapana. Anza na Tadea, leo, umwombe radhi. Kisha mwombe mwende pamoja kwa baba yake, kwa sababu peke yako utababaika. Chukueni kamera, mwonyesheni picha nzima, yenye dagaa na ziwa nyuma. Hata mwenye hasira ataelewa ilikotoka. Halafu baba mdogo aende mwenyewe kwa mzee Kilian, na kwa halmashauri ya parokia kabla hawajapatana na mtu wa Songea. Saluni waambieni waibandue. Wakibisha, mpelekeeni mtendaji wa kata malalamiko kwa maandishi. Utafokewa, pengine utalia, na kamera inaweza kufungiwa kabatini kwa muda. Vumilia.

Nanyi wasomaji wa Mbinga, majina nimeyabadilisha yote, lakini najua saluni zenu si nyingi na wengine mmeshamtambua. Nawaomba sana, mlichosoma hapa kisimfikie baba yake mdogo kutoka midomoni mwenu. Mpeni binti huyu siku tatu, aseme mwenyewe.