Kadi ya Nyuroni

Jumatatu, 4 Machi
Kadi ya "nyuroni" imerudi. Mara ya tatu! Mhariri mkuu kaandika kwa wino mwekundu: asili? Kila kadi ya kamusi yetu ya sayansi lazima iwe na maana, asili na mfano wa sentensi. Maana niliweka: seli inayopeleka taarifa mwilini. Asili niliweka: Kigiriki. Eti haitoshi. Mzee huyu atanitoa roho.

Jumanne, 5 Machi
Nimechimba. Kwa Wagiriki neno hilo lilikuwa kano — na uzi wa upinde, na uzi wa ala ya muziki. Kano na neva zote waliziona kamba nyeupe tu, jina likawa moja. Seli yenyewe imepewa jina hilo juzijuzi, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Nikaandika yote. Sasa kadi ni ndefu mno! Nimecheka nisije nikalia.

Jumatano, 6 Machi
Hospitali na Baba. Fundi magitaa miaka arobaini, na vidole vya kushoto havimtii tangu Januari. Daktari alimtuma akapimwe uzito, akanigeukia mimi. Nyuroni zinazoendesha misuli zinakufa. Zikifa hazirudi. Akasema ni vizuri nimwambie mwenyewe, kwa utaratibu. Utaratibu upi? Kazi hiyo si yake?

Alhamisi, 7 Machi
Sijamwambia. Kadi imerudi — mfano wa sentensi uwe wa maisha ya kila siku. Nikaandika "Nyuroni zikifa", nikafuta.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemkuta karakanani, gitaa la mteja mapajani. Uzi mwembamba umemponyoka mara mbili nikiangalia. Akaniuliza lile neno "nyuroni" aliloliona kwenye cheti cha daktari ni kitu gani, maana mimi ndiye mtu wa maneno. Na mimi mwoga nikakimbilia asili! Nikamwambia ni la Kigiriki, zamani lilikuwa uzi.

Uso ukamchangamka. Sijauona hivyo tangu Januari. Akavuta droo, akatoa pakiti mpya ya nyuzi, akanishikisha.

"Kumbe ni uzi tu, mwanangu. Uzi ukikatika si unabadilishwa? Wamesema watanibadilishia lini?"

Nimesema nafuata maji. Niko stoo, naandika juu ya boksi la mbao, pakiti bado mkononi. Nimejikasirikia. Namsikia anaujaribu uzi ule tena — umeponyoka. Ananiita.