Mhuri Wako Kwenye Kadi za Saa

Bilele, Bukoba
Jumapili, baada ya misa

Kaka Deusi,

Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara tatu, kwa sababu kila mara nilianza na habari za mvua na kahawa. Leo sitaanza na mvua. Mhuri ule niliupiga mimi.

Wewe ulijua. Hilo nimelifahamu baada ya kukuzika, na tangu siku hiyo silali vizuri wala sili vizuri. Upande wangu sikuwahi kukusimulia, na wewe hukuuliza. Acha niueleze wote, hata yale uliyoyaona kwa macho yako, maana nikiruka kitu kimoja nitaruka na kingine.

Unakumbuka maboksi yale yalipofika kwa meli kutoka Mwanza? Duka lilikuwa limeshakuwa la shirika la umma. Wewe ulitolewa barazani ulikokuwa ukitengeneza saa miaka yote, ukapewa meza ndani, karibu na dirisha, na mimi ukaniombea kazi ya ukarani. Zilikuwa saa mpya, za kujijaza zenyewe. Huna haja ya kuzungusha kifunguo asubuhi, unatembea tu na mkono wako unaijaza. Kila saa ilikuwa na kadi yake ya garanti: ikiharibika kabla ya mwaka kwisha, irudishe dukani, itatengenezwa bure. Meneja akakupa mhuri wenye jina lako na la Taata, baba yetu, na maneno FUNDI SAA chini yake. Siku ile ulinionyesha mhuri huo mara nne.

Jumapili uliporudi nyumbani Kamachumu ulisimama nje ya kanisa ukawaambia watu, "Hizi nimezifungua nimeziona. Chukueni bila wasiwasi." Wakachukua. Mwalimu Anakleti wa shule ya msingi alichukua, katekista akachukua, makarani wa ushirika, na Yustina, yule muuguzi wa zahanati kule Muleba. Hawakununua kwa sababu ya tangazo la redio. Walinunua kwa sababu ulisema wewe.

Baada ya miezi mitatu zikaanza kurudi.

Ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu Anakleti. Ilisimama katikati ya mtihani wa darasa la saba. Uliifungua, ukavaa kile kioo chako cha jichoni, ukaigeuzageuza mpaka nikaacha kupiga taipu. Kisha ukaniita. "Koku, njoo uangalie." Niliangalia, nikaona weusi tu kwenye mafuta. Nikasema ni uchafu. Ukasema, "Si uchafu. Ni chuma. Haya magurudumu mawili madogo ndiyo yanayopokea nguvu ya mkono na kuipeleka kwenye springi. Chuma chake ni laini. Meno yanalika, unga wake unaingia kwenye mafuta, halafu kila kitu kinaganda." Uliisafisha, ukaweka mafuta mapya. Baada ya miezi miwili ikarudi. Ukaweka gurudumu jipya kutoka kwenye kopo la spea. Ikarudi tena. Kufikia hapo droo yako ilikuwa imejaa saa za watu, kila moja na kikaratasi cha jina, zote zina ugonjwa uleule.

Uliandikia makao makuu Dar es Salaam, na barua niliichapa mimi. Ilikuwa barua ya adabu, yenye mchoro wa gurudumu uliouchora kwa penseli. Jibu likaja aya moja. Walisema weusi ndani ya saa ni dalili ya maji na vumbi, kwamba mtumiaji asiyetunza saa hana haki ya garanti, na kwamba fundi ajaze kadi hivyo na kugonga mhuri.

Ukafanya jambo ambalo fundi mwingine asingelifanya. Ulichukua saa mpya kwenye boksi, ukaivaa mwenyewe kwa wiki nane. Shambani huendi nayo. Ukinawa mikono unaivua na kunipa mimi niishike. Siku ya mwisho ulimwita Meneja, ukaifungua mbele yake mezani. Weusi ulikuwemo. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikadhani sasa mambo yamekwisha, ukweli umeonekana.

Meneja hata hakuinama kutazama. Alisema, "Nani alikuruhusu kufungua mali ya shirika?"

"Nilitaka uone, Bwana Meneja. Watu hawana kosa."

"Kwa hiyo unawatangazia wananchi kwamba bidhaa zao wenyewe ni mbovu. Unajua jambo hilo linaitwaje?"

Ulijua. Sote tulilijua, neno hilo, uhujumu, tulilisikia redioni kila siku na watu walipotea kazini kwa sababu yake. Ukasema, bila kupandisha sauti, "Kadi hizo sitazipigia mhuri." Akakuambia uache vifaa vya ofisi na uende nyumbani. Ulikusanya bisibisi zako na vibano vyako, ukaja mezani kwangu, ukauweka mhuri mbele yangu. "Ufungie kwenye droo, Koku." Ni hivyo tu. Hukusema usiutumie. Hukuona haja ya kusema.

Kesho yake Meneja aliniletea kadi zote zimefungwa kwa kamba. Akasema, "Zijaze." Nikasema fundi hayupo. Akasema, "Mhuri upo."

Kaka, kwa muda mrefu nimejiambia kwamba niliogopa. Ni kweli niliogopa. Lakini niliogopa nini? Hakuna aliyenitishia kifungo. Niliogopa kurudi kibanjani kulima migomba. Nilipenda kile kiti. Nilipenda taipureta, nilipenda watu wanaoingia dukani wakiniita Bibi Karani. Nilikaa nikaandika kwenye kadi moja baada ya nyingine, kwa mkono wangu: Maji yameingia. Kosa la mtumiaji. Nikagonga jina lako. Ilichukua asubuhi moja, na mchana nilikula chakula changu kama kawaida.

Unajua yaliyofuata huko nyumbani, wewe ndiye uliyeyaishi. Watu walipokea saa zao mbovu pamoja na kadi, wakasoma jina. Mtu aliyesimama nje ya kanisa akawaambia chukueni, ndiye huyo sasa anawaambia mmeziharibu wenyewe. Mwalimu Anakleti akaacha kukusalimu. Wale waliokuletea saa za ukutani na redio wakaacha kuja. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, iliponywewa kwa jirani, hukuitwa. Halafu habari zikamfikia Taata, ambaye maisha yake yote alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba mtoto wake ni mwongo.

Mimi nilikuja kila mwisho wa mwezi na sukari na sabuni. Nilimwona Taata akikaa amekupa mgongo wakati wa kula. Nilimsikia akisema, kama vile anaongea na ukuta, "Jina langu limegongwa kwenye karatasi za uongo." Wewe ulikuwa unamenya ndizi yako polepole. Na mimi nilikuwa katikati yenu, kaka. Nilikula. Niliomba chumvi.

Nilidhani unaamini kwamba Meneja ndiye aliyeupiga. Nilijifariji kwa hilo mpaka siku ya mazishi yako.

Watu walikuwa wachache. Hata waliobeba jeneza tuliwatafuta. Mvua ilikuwa imelowesha migomba na kaburi lilikuwa linaingia maji, Taata akasimama mbali kwenye mibuni. Yustina alikuja. Sikumtarajia. Baadaye nilimpelekea chai, akanieleza kwa nini amekuja, bila kujua anamweleza nani.

Alisema kadi yake ilipokataliwa aliendelea kuivaa saa hiyohiyo kwa sababu hakuwa na nyingine. Ilikuwa ikisimama na kuanza tena yenyewe. Siku moja alikuwa na mama mjamzito ambaye uchungu ulikuwa umemzidi, akawa anasubiri lori la kahawa linalopita barabarani saa kumi kwenda Bukoba, ili wampeleke hospitali. Saa yake ilionyesha saa tisa. Walipombeba yule mama hadi barabarani, wenye maduka wakawaambia lori limepita zamani. Usafiri mwingine ulipatikana asubuhi yake. Mama alikuwa ameshafariki, na mtoto tumboni. Yustina hasemi kwamba saa ndiyo iliyoua. Anasema hajui, na kwamba kutokujua huko ataishi nako.

Baada ya wiki mbili alitembea kwa miguu hadi kwetu Kamachumu na ile kadi. Akaiweka mbele yako akasema, "Soma jina lako." Alisema uliitazama kadi muda mrefu sana. "Hakutazama mhuri," akaniambia. "Alikuwa anatazama mwandiko." Kisha ukasema, "Mhuri ni wangu. Nisamehe." Yustina akachukua kadi yake, akaondoka. Pale msibani aliinywa chai yangu yote, akarudisha kikombe, akasema, "Alikuwa mtu mbaya, lakini alau alikiri. Nilikuja kwa sababu hiyo."

Mwandiko ule ulinifundisha wewe, kaka, kabla sijaenda shule, ukinishika mkono. Usingeweza kuukosea.

Baada ya siku ile ya Yustina uliishi wiki saba. Mimi nilikuja mara mbili. Kifua kilikuwa kimeshakubana, ulikuwa unalala upande mmoja tu. Ukaniuliza, "Bado uko kazini?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Vizuri." Nimelifikiria neno hilo kila siku. Naitafuta hasira ndani yake, siipati. Ningeipata ningepumua.

Sasa nikupe habari za baada yako. Saa zile hazipo tena kabatini. Dar es Salaam waliandika kwamba zisiuzwe, zirudishwe zilizobaki, na hawakusema kwa nini. Meneja amehamishwa, amepandishwa cheo. Hakuna aliyetamka kwamba ulikuwa sahihi. Nilisubiri mtu atamke. Baadaye nikaona kwamba mtu anayesubiriwa ni mimi.

Nilianza na Taata. Alikuwa anakata majani makavu ya migomba. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitamaliza. Aliniacha nikaeleza hadi mwisho. Akauliza kitu kimoja tu: "Alijua?" Nikasema alijua. Kaka, Taata alikaa chini. Hakutafuta kigoda, alikaa palepale kwenye tope, kisu bado kiko mkononi. Sijawahi kumwona hivyo, hata Mama alipofariki. Kisha akaniambia, "Usije hapa mpaka nikuite." Hajaniita.

Mwalimu Anakleti nilimkuta shuleni, anasahihisha madaftari. Alinisikiliza, akavua miwani. "Kwa nini hukusema akiwa hai?" Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa, mpaka akasema niende. Lakini Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akawaeleza watu wote: saa zilitoka kiwandani na ubovu, fundi wetu alikataa kudanganya, akafukuzwa kwa hilo. Wengine walitazama chini. Wengine, nimesikia, wanasema dada mtu anajitwisha kosa ili kumsafisha kaka yake kwa kuwa amekufa. Nilidhani ukweli ukisemwa utakaa mahali pake. Haukai hivyo.

Kazi nimeacha. Niliandika barua ya kuacha, nikaweka ndani yake maelezo ya kadi zote, na nakala nikaipeleka ofisi ya mkoa. Karani wa pale aliipokea, akaigonga mhuri wa kupokelewa, akaiweka juu ya barua nyingine. Sasa nashona nguo hapa Bilele, kwenye chumba cha mwenzangu mmoja. Vibano vyako na kile kioo viko kwa Taata. Sikuviomba.

Nimewafikia wote niliowakumbuka majina. Katekista alinisamehe haraka mno, sikumwamini. Karani mmoja wa ushirika alinifungia mlango. Nimemwacha mmoja, nawe unamjua ni nani. Mara mbili nimefika stendi, nikaliacha basi likaondoka. Wale wengine niliwanyima saa. Yeye nilimfanya amchukie mtu aliyekuwa akimtetea, na mpaka leo anamwombea yule mama akiamini kwamba wewe ndiye uliyeikataa kadi yake.

Siombi unisamehe. Ulipokuwa hai ulikuwa na nafasi ya kunikemea na hukunikemea, na mimi nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema. Pumzika, kaka yangu. Pumzika upande wowote utakao, kifua hakikubani tena.

Kesho asubuhi napanda basi la Muleba, na safari hii nitapanda kweli. Yustina akinifukuza, nitakaa nje ya zahanati mpaka atoke. Nitamwandikia sentensi moja mbele ya macho yake, aulinganishe mwandiko na ule wa kadi yake, asiwe na sababu ya kusema namtetea ndugu. Kisha nitamwachia anifanye atakavyo.

Mdogo wako,
Kokushubira